Darubini Inafuata, Nyota Zinateleza: Shida Iko Wapi?

Tangu usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa na kukaa mwekundu juu ya Nairobi kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne, kuna lalamiko moja lisilokauka midomoni mwa wapiga picha wa anga wa hapa mjini. Mtu ana darubini ndogo ya kubebeka na kitako chake cha kompyuta. Anachagua jina la nyota kwenye rimoti, mota zinalia, darubini inageuka yenyewe na nyota inatua katikati ya skrini. Kisha anapiga picha ya sekunde 30, na kila nyota inatoka na mkia.

Majibu anayopewa ni yale yale: betri imekwisha, umeuziwa feki, peleka kwa fundi, ongeza pesa ununue kubwa. Mara nyingi hakuna hata moja lililo kweli. Kitako kina njia kadhaa za kukosea, kila njia huacha alama yake kwenye picha, na anayejua kuisoma alama hiyo hana haja ya kubahatisha. Kinachotatiza zaidi ni kwamba maelekezo mengi yanayokuja ndani ya boksi yameandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, na anga lao halizunguki kama letu.

Kutafuta si kufuata

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kitako ni ile sehemu iliyo kati ya darubini na stendi ya miguu mitatu, yenye mota na gia. Kina kazi mbili. Kutafuta ni kuielekeza darubini kwenye nyota uliyoitaja. Kufuata ni kuendelea kuigeuza polepole ili nyota isitoke mahali pake kwenye picha. Kufuata kukikosea, nyota inateleza.

Dhana potofu ya kwanza huzaliwa hapo: kwamba kitako kilichoipata nyota barabara lazima kitaifuata barabara. Kutafuta kunataka nyota iingie kwenye picha tu. Kikikosea robo digrii, bado utaiona na utafurahi. Kufuata kunadai usahihi mara mia kadhaa zaidi ya huo. Ndiyo maana kuongeza nyota za kupangia, yaani zile unazokionyesha kitako mwanzoni ili kijue anga limekaaje, tatu badala ya mbili, kunaboresha kutafuta lakini hakunyooshi mhimili uliowekwa vibaya. Nimewaona watu wakirudia upangaji huo usiku kucha kana kwamba ni dua.

Sasa mwendo wenyewe. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo nyota huonekana kusogea digrii 15 kila saa. Wanaanga huigawa digrii moja katika dakika 60 za tao, na kila dakika ya tao katika sekunde 60 za tao. Kwa kipimo hicho, nyota husogea sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa yako. Mwezi mpevu una upana wa sekunde 1,800 hivi za tao, na nyota hupita upana huo kwa dakika mbili.

Kamera yako inaonaje mwendo huo? Chukua ukubwa wa pikseli moja kwa maikromita, zidisha kwa 206, gawanya kwa milimita za lenzi au darubini yako. Pikseli ya maikromita 4 kwenye darubini ya milimita 400 inafunika sekunde 2 za tao. Bila kufuata, nyota inavuka pikseli saba na nusu kila sekunde. Pikseli hiyo hiyo kwenye lenzi ya milimita 50 inafunika zaidi ya sekunde 16 za tao, na makosa mengi ya kitako yanamezwa humo bila mtu kujua. Ukisikia mwenzako akijigamba kwamba kitako chake hakitelezi kamwe, muulize kwanza ametumia lenzi gani.

Vitako viko vya aina mbili kuu. Kuna vya juu-na-kando, ambavyo mota moja huinua darubini na nyingine huigeuza kando, huku kompyuta ikizipigia hesabu zote mbili muda wote. Na kuna vya ikweta, ambavyo mhimili mmoja hulazwa sambamba na mhimili wa dunia yenyewe. Ukilazwa sawasawa, mota moja tu inatosha, kwa kasi ile ile kuanzia jioni hadi alfajiri. Vingi vya kubebeka vinavyonunuliwa kwa ajili ya picha ni vya aina hii ya pili, na ndivyo nitakavyokaa navyo zaidi.

Anga la Nairobi limelala

Kitabu cha maelekezo husema: elekeza mhimili wa kitako kwenye Polaris, nyota ya kaskazini. Kwa mtu wa London hilo ni jambo la dakika tano. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na Polaris kwetu imezama kwenye upeo wa kaskazini. Ncha ya kusini ya anga, yaani pale mahali anga zima linapozungukia, iko juu ya upeo kwa digrii moja na kidogo tu, yaani nyuma ya majengo, miti na vumbi. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata ikiwa juu angani inahitaji giza zuri na macho mazuri. Kile kidarubini kidogo cha kuangalia ncha kilichofungwa ndani ya kitako chako, hapa Nairobi ni pambo.

Umewaona kuku wanaochomwa kwenye kioo cha hoteli za mjini, wamechomekwa kwenye chuma kilicholala na kuzungushwa mbele ya moto? Anga letu huzunguka hivyo. Chuma kimelala kaskazini hadi kusini, karibu kigusane na ardhi pande zote mbili. Nyota za mashariki hupanda wima, hupita utosini, na kushuka wima magharibi. Nyota za Ulaya hupanda kwa mshazari, na kitako kimetengenezwa kikiwa na picha hiyo kichwani.

Kwa hiyo mhimili wa kitako cha ikweta kikiwa Nairobi hulala karibu bapa, ukiinuka upande wa kusini kwa digrii 1.3. Baadhi ya vitako haviwezi. Skeli yao ya latitudo hukomea digrii kumi au zaidi, na hata visivyokomea huko, chuma cha uzani unaosawazisha darubini hugonga mguu wa stendi. Dawa ya kugongana ni kuizungusha stendi ili chuma kipite kati ya miguu miwili, au kuongeza kipande cha nguzo kati ya stendi na kitako. Dawa ya skeli fupi ni kuinamisha stendi nzima: fupisha mguu wa kusini mpaka mhimili ushuke, kisha ning'iniza begi zito katikati ya stendi isipinduke.

Hapo wengi hushtuka, kwa maana wameambiwa stendi lazima ikae sawa kwa pimamaji. Si lazima. Kwa kitako cha ikweta, kilicho muhimu ni mahali mhimili unakoelekea. Stendi ikiwa imepinda na mhimili umenyooka, kitako kitafuata vizuri. Pimamaji husaidia tu ili ukigusa skrubu ya kando usiharibu ya juu-chini. Kwa kitako cha juu-na-kando ni afadhali stendi ikae sawa, ingawa hata huko nyota za kupangia hurekebisha sehemu kubwa ya kasoro.

Je, ukiamua kuulaza mhimili bapa kabisa na kuisahau ile digrii 1.3? Mhimili uliokosea kwa digrii moja unaweza kuteleza hadi sekunde 16 hivi za tao kila dakika. Kwa kosa letu ni kama 20. Kwenye darubini ya milimita 400 ni pikseli kumi kwa dakika moja, au tano kwa picha ya sekunde 30: mkia unaoonekana wazi. Kwenye lenzi ya milimita 50, hata pikseli moja haifiki. Mwenye lenzi pana anaweza kufunga kitako, kukilaza bapa, akapiga picha na kwenda kulala.

Usiguse skrubu kabla ya kuusoma mkia

Kabla ya yote, jaribio la dakika moja. Piga picha ya sekunde kumi kitako kikiwa kinafuata, kisha nyingine ya sekunde kumi kikiwa kimezimwa ufuataji. Linganisha mikia. Ikiwa mkia wa kitako kinachofuata ni mrefu kuliko wa kilichozimwa, karibu mara mbili, basi mota inazunguka kinyume: kitako kimeambiwa kiko kaskazini mwa ikweta na mhimili wake unaelekea kusini. Kosa hili ni la kwetu hasa. Mtu wa Oslo hatakosea nusu ya dunia aliyomo, lakini Kenya imekatwa na ikweta, na mtu anayeondoka Nairobi Ijumaa kwenda kupiga kambi Samburu huivuka njiani akifika Nanyuki. Swichi au menyu ya kaskazini na kusini ifuate upande ambao mhimili umeelekezwa, bila kujali uko kaunti gani.

Ikiwa mikia si mirefu hivyo, tafuta upande wake. Elekeza darubini kwa nyota angavu, anza picha ya sekunde 30 hivi, kisha sekunde tano za mwisho uzime ufuataji. Mkia utakaochorwa katika sekunde hizo tano unaelekea magharibi. Kwa darubini yetu ya milimita 400 utakuwa na pikseli 37 hivi. Sasa una dira ndani ya picha yenyewe. Mtelezo unaofuata mstari huo ni wa mashariki-magharibi, na unahusu mota, kasi au gia. Mtelezo unaoukata mstari huo ni wa kaskazini-kusini.

Ni tofauti kubwa. Katika kitako cha ikweta kinachofuata, mota ya kaskazini-kusini imetulia, haifanyi chochote. Nyota ikiteleza upande huo polepole na kwa kasi moja, mota haiwezi kulaumiwa. Ni mhimili haujaelekezwa sawa, au, mara chache zaidi, kuna kitu kinalegea: kishikio cha darubini, skrubu ya kamera, waya mzito unaovuta. Mtu anayebadilisha betri kwa sababu ya mtelezo wa kaskazini-kusini anapoteza hela.

Mtelezo wa mashariki-magharibi ulio sawa, picha baada ya picha, mara nyingi ni wa kasi. Na hapa ndipo waliopiga picha za mwezi hunaswa. Vitako vingi vina kasi tatu: ya nyota, ya jua na ya mwezi. Mwezi husafiri kati ya nyota, kwa hiyo kasi yake ni ndogo zaidi. Ukiisahau hapo baada ya kupiga picha za kupatwa, nyota zitateleza zaidi ya nusu sekunde ya tao kila sekunde, yaani pikseli nane hivi katika picha ya sekunde 30 kwenye darubini yetu ya mfano. Kasi ya jua inakaribia sana ya nyota, na kosa lake ni sekunde 2.5 tu za tao kwa dakika nzima. Menyu ya kasi inachukua sekunde chache kuikagua, na ningeikagua kabla ya kuinama kuangalia kitu kingine chochote.

Mikia inayozunguka kama duara, ikiwa mifupi katikati ya picha na mirefu pembeni, ni jambo lingine tena. Huo ni mzunguko wa picha, na nitaurudia. Mruko wa ghafla, nyota mbili mbili zilizounganishwa na uzi mwembamba, ni kitu kilichogusa kitako. Wanaopiga picha juu ya fleti wanavijua vitu hivyo: upepo, jirani anayekuja kuanua nguo, pampu ya maji inayoanza kupandisha maji kwenye tangi na kuitetemesha slabu nzima. Hamisha stendi mbali na tangi na mlango wa ngazi, punguza urefu wa miguu yake, na usiguse kamera kwa kidole. Tumia saa ya kuchelewesha shata au rimoti.

Kuunyoosha mhimili bila ncha ya kuonekana

Kama mkia umekuambia ni mhimili, kuna njia ya zamani inayoitegemea nyota yenyewe kukuonyesha kosa, na kwa bahati inafanya kazi vizuri sana kwenye ikweta.

Anza kwa makadirio. Dira ya simu ni sawa kwa kuanzia ukiwa kwenye nyasi, lakini juu ya fleti usiiamini: zege lina nondo, na miguu ya stendi yenyewe huenda ni ya chuma. Njia bora ni ramani ya setilaiti kwenye simu. Tazama ukingo wa jengo lako unaelekea wapi ukilinganisha na kaskazini ya ramani, kisha pima kutoka kwenye ukingo huo. Kwa mwinuko, weka simu juu ya sehemu bapa iliyo sambamba na mhimili, fungua programu ya kupima mteremko, na usogeze mpaka isome digrii 1.3, upande wa kusini ukiwa juu.

Kisha chagua nyota iliyo karibu na utosi. Iweke katikati, acha kitako kifuate, na uitazame kwenye skrini ya kamera kwa dakika tatu au nne. Puuza kabisa mwendo wa mashariki-magharibi. Angalia kaskazini-kusini tu. Ikiteleza, gusa skrubu za kando za kitako kidogo sana, irudishe nyota katikati, na uangalie tena. Mtelezo ukizidi, umegeuza upande usiofaa; rudi upande wa pili. Hakuna haja ya kukariri jedwali la upande gani ni upi, kwa sababu nyingi za jedwali hizo zimeandikiwa nusu ya kaskazini na zitakuchanganya tu.

Nyota ya utosini ikitulia, nenda kwa iliyo chini mashariki au magharibi, na urudie yale yale, safari hii kwa skrubu ya juu-chini. Kila moja ya nyota hizi mbili huonyesha kosa lake na kulificha la mwenzake, ndiyo maana hazibadilishani. Rudi kwa ya utosini mara moja zaidi kuhakikisha.

Msimu unaofaa kujifunza hili ni Desemba ikiishia na Januari, mvua za vuli zikishapungua. Zile nyota tatu zilizopangana za mkanda wa Orion ziko karibu kabisa na ikweta ya anga, ule mstari unaopita juu ya ikweta ya dunia. Mwishoni mwa Desemba, saa mbili usiku, ziko mashariki bila hata kufika nusu ya njia ya utosi. Kufikia saa tano na nusu ziko juu ya kichwa chako. Nyota zile zile zinakufanyia marekebisho yote mawili kwa usiku mmoja. Wenye kompyuta ya mkononi wana njia ya mkato: programu ya bure ya PHD2 ina zana ya kuuchora mtelezo huu kwenye grafu, na nyingine, NINA, ina kiongezi kinachopiga picha sehemu tatu za anga, kikapiga hesabu, na kukuambia mhimili umekosea kiasi gani. Hiki hakihitaji kuiona ncha kabisa. Programu zinazodai uelekeze kamera kwenye ncha yenyewe, hapa zitakupigisha picha ya mabati ya jirani.

Gia zinazoyumba

Sasa mtelezo wa mashariki-magharibi unaokuja na kuondoka. Picha nne ni safi, nne zina mkia, nne safi tena. Huyu ndiye huwachosha watu kuliko wote, maana kila ukidhani umemtengeneza anarudi.

Ndani ya kitako cha kawaida kuna skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno. Skrubu hiyo haiwezi kuchongwa duara kamili, kwa hiyo kila mzunguko wake, darubini hutangulia kidogo kisha huchelewa kidogo. Gurudumu likiwa na meno 144, skrubu huzunguka mara moja kila dakika kumi hivi. Likiwa na meno 180, kila dakika nane. Katika vitako vidogo, kuyumba huko kunaweza kufika makumi ya sekunde za tao. Mwendo ukiwa unageuka, kwenye kilele cha huku au cha kule, nyota hukaa kimya na picha hutoka safi. Katikati ya vilele viwili ndipo mikia hutokea. Kwa hiyo ukipiga picha mfululizo kwa dakika ishirini na kuziandika mbaya na nzuri, mdundo unaojirudia mara mbili katika kila dakika nane au kumi utakutajia mhalifu kwa jina.

Ukitaka kumwona kwa macho, geuza mhimili kando kwa makusudi digrii moja au mbili, elekeza karibu na utosi, na upige picha moja ya dakika ishirini. Katika anga la mjini itajaa mwanga, basi punguza tundu la lenzi na uchague nyota angavu. Kosa la mhimili litaiburuta nyota kaskazini-kusini, na gia zitaiyumbisha mashariki-magharibi, hivyo itachora wimbi. Wimbi laini ni kawaida ya kiwandani. Wimbi lenye meno makali au ngazi ni takataka kwenye gia, grisi iliyoganda, au gia zilizobanwa mno, na hiyo sasa ni kazi ya fundi.

Wimbi la kawaida halitengenezwi kwa bisibisi. Unaishi nalo: unafupisha picha, unatupa zilizoharibika, au unatumia kamera ya kuongoza, ambayo nitaieleza mwishoni. Kitu kimoja cha bure husaidia gia zenye ulegevu: usiisawazishe darubini kikamilifu. Acha upande wa mashariki uwe mzito kidogo, ili mota iwe inasukuma mzigo wakati wote na meno yasicheze huku na kule.

Betri, ambayo hulaumiwa kwanza, inakuja hapa mwishoni. Kitako cha volti 12 kikipewa volti pungufu, kwa kawaida kitasimama, kitaanza upya au kitanguruma kwa sauti isiyo yake. Ni nadra kuteleza taratibu na kwa heshima.

Wenye kitako cha juu-na-kando

Hawa huambiwa wasahau picha za nyota. Wanaosema hivyo tena wanasoma kutoka Ulaya.

Kitako hiki kinaweza kuiweka nyota ya katikati bila kutikisika, na bado picha ikazunguka kuizunguka nyota hiyo, kwa sababu kamera inabaki imesimama wima huku anga likiinama. Kasi ya mzunguko huo inategemea uko wapi na unaangalia wapi. Ukiwa Nairobi na ukiuangalia Msalaba wa Kusini ulipofika juu kabisa upande wa kusini, digrii 30 hivi juu ya upeo, picha huzunguka zaidi ya digrii 17 kwa saa. Katika sekunde 30, nyota iliyo pikseli 3,000 kutoka katikati husogea pikseli saba na nusu hivi. Punguza hadi sekunde kumi na utabaki na mbili na nusu.

Lakini geukia mashariki au magharibi na mzunguko huo unakaribia sifuri. Orion ikipanda kutoka mashariki inapanda wima, na kamera inapanda nayo bila kuinama. Kitako cha bei ndogo juu ya fleti ya Roysambu, kikielekezwa mashariki, kinaweza kupiga sekunde 30 za nebula ya Orion, lile wingu la gesi, ambazo kwa mwenzake wa Ulaya mwenye kitako kama hicho zingezunguka zaidi. Achana nayo inapokaribia utosi, kwa maana hapo mota ya kando italazimika kugeuka nusu duara kwa muda mfupi na itashindwa. Subiri ishuke magharibi, uendelee.

Vitako vya aina hii hutegemea sana unachokiandika kwenye rimoti. Kusini, si kaskazini. Mashariki, si magharibi. Saa za eneo ni +3, na hatuna saa za kiangazi, basi kataa swali hilo. Rimoti nyingi hutaka mwezi uandikwe kabla ya tarehe, kama Wamarekani. Na saa mbili usiku iandike 20:00.

Kamera ya kuongoza, na inachoshindwa

Kamera ya kuongoza ni kamera ndogo ya pili inayoitazama nyota moja na kuiambia mota, kila sekunde chache, "rudi kidogo". Kwa wimbi la gia ni dawa kweli. Kwa mhimili uliopinda ni dawa nusu: itaishika nyota yake, lakini picha itazunguka kuizunguka nyota hiyo, na mikia itahamia pembeni. Nyosha mhimili kwanza.

Na je, unaihitaji? Picha za anga siku hizi hurundikwa: unapiga 120 za sekunde 30, programu inazipanga na kupata kitu kinachokaribia picha ya saa nzima. Mtelezo mdogo kati ya picha na picha hauna madhara, na hata husaidia, kwa sababu pikseli mbovu za sensa haziangukii mahali pamoja. Ukiwa mtelezo mrefu wa upande mmoja, ndipo huacha michirizi.

Kutoka Nairobi yenyewe, mwanga wa jiji huijaza picha kabla mkia haujawa tatizo kubwa. Kwa darubini inayokusanya mwanga wa kutosha, sekunde 30 juu ya Thika Road tayari zinatoa anga la kijivu, na kuhangaikia picha za dakika tano kutoka hapo ni kujitesa. Ukishuka Magadi, ambako giza linakuruhusu dakika mbili au tatu, ile kamera ndogo huanza kurudisha pesa yake.